Kikohozi cha Bi Mkubwa wa Ngome

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, kikanyamaza, kikagonga tena. Nje kulikuwa bado giza. Nilijua ni mjukuu wangu yuko jikoni, na nilijua pia kwamba kopo la sukari liko chumbani kwangu, maana jana yake nililihamisha kwa sababu ya sisimizi. Kwa hiyo alikuwa anakoroga chai isiyo na kitu.

Nikajifunga shuka, nikamfuata na kopo mkononi. Nilimkuta amekaa gizani, simu imemmulika uso.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "mume wetu amekuudhi nini alfajiri hii?"

Siku zote hunijibu hata sijafunga mdomo, ndiyo maana nyumbani tunamwita Chiriku. Siku hiyo alisogeza tu kikombe ili nipate pa kuweka kopo. Nikatia sukari mwenyewe, nikakoroga, nikamrudishia.

"Kesho mhariri anapiga simu," akasema. "Anataka jibu la kitabu cha pili. Nitamwambia hakipo."

"Na kile ulichokuwa unagonga gonga kwenye kompyuta kila jioni?"

"Nitakifuta."

Niseme kwanza kitabu chenyewe. Mchana Chiriku hupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Jioni, kwa muda mrefu, alikuwa anaandika riwaya, nayo ikachapishwa. Inaitwa *Shujaa Aliyeogopa Farasi*. Ni hadithi ya zamani sana, ya huko kwenye ngome za mawe, wanaume wakivaa nguo za chuma. Yumo kijana mmoja shujaa wa vita ambaye akiona farasi magoti yanagongana. Yumo binti wa ngome aliyechoka kuokolewa. Wanapendana kwa kugombana, na mapigano yote yanaishia watu kuanguka matopeni. Yumo pia bibi mmoja, mama yake bwana wa ngome, anayeitwa Bi Mkubwa. Huyo hakai kimya hata kidogo. Mimi nilisoma kitabu chote kwa kidole, mstari kwa mstari, maana kusoma nilijifunza ukubwani, na nilipofika kwa Bi Mkubwa nikaacha kidole hapo nikacheka peke yangu. Maneno yake yote nilikuwa nimewahi kuyasema humu ndani.

"Nani amekuvunja moyo?" nikamuuliza Chiriku.

Akanisogezea simu. Mtaani kwetu yupo mama mmoja anayeazimisha riwaya, kila mtu humwita Mama Vitabu. Ameanzisha kundi la wasomaji wake kwenye simu, na ameweka sharti moja: maoni hutolewa kwa sauti, hakuna kuandika. Anasema mtu akiandika maoni huanza kujitia usomi, lakini akisema kwa mdomo wake utajua kama kitabu amekimaliza au amekilalia. Alimwingiza Chiriku kundini kimyakimya, wala wengine hawajui kwamba mwandishi yumo anawasikiliza.

Tukasikiliza pamoja. Muuguzi mmoja alisema amecheka kitabuni mpaka wagonjwa wakamwomba awaeleze kuna nini. Mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba shujaa ameanguka kutoka kwenye farasi mara nyingi mno kwa mtu asiyempanda. Msichana mmoja aliye karibu kuolewa alikuja juu: "Kurasa zote hizo kwa busu moja! Huyu mwandishi anatufanyia makusudi." Dereva wa gari la taka alitaka farasi apewe kitabu chake mwenyewe.

"Haya mbona mazuri?" nikasema.

"Subiri."

Ikaja sauti nzito ya mwanamume, inayokwenda polepole. "Kitabu kinachekesha, sikatai. Lakini huyu mwandishi hapendi wazee. Kila mtu humo amepewa la kusema, hata farasi amepewa la kufikiri. Bi Mkubwa yeye amewekwa kwenye kona ya ukumbi, kazi yake kukohoa. Anakohoa, ukurasa unafunuliwa, anakohoa tena. Mtu mzima si kengele ya mlango. Mimi nadhani mwandishi huyu hajawahi kukaa na bibi yake."

Chiriku alizima simu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Nimekaa na wewe tangu sijaota meno," akasema. "Maneno yako yote nimeyaweka mle. Kama mtu amesoma kitabu kizima na hakukusikia hata mara moja, basi sijui kuandika, Bibi. Nimeweka karatasi tu."

Mimi nilibaki na mshangao. Yule mtu alisoma kitabu gani? Kama angesema Bi Mkubwa ana mdomo mchafu, ningemwelewa. Kama angesema amezidi, pia ningemwelewa. Lakini kukohoa tu!

"Niwekee tena," nikamwambia.

"Ya nini kujitonesha?"

"Niwekee, mwanangu. Masikio yangu huamka nyuma yangu."

Mara ya pili nilisikia kitu. Kabla ya lile neno la kengele kulikuwa na sauti nyingine kwa mbali, nyembamba, ya mtu mzima: "Mwambie na ya kengele." Ndipo yule bwana akasema ya kengele. Nikamwomba aniwekee mpaka mwisho kabisa, maana Chiriku kwa uchungu alikuwa anakatiza kila mara. Mwishoni yule bwana alisahau kwamba simu bado inarekodi, na sauti yake ikabadilika, ikawa laini: "Haya mama, nimeshasema. Lala sasa. Mto nimekugeuzia upande wa baridi."

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia anamlaza mama yake."

"Amemgeuzia mto upande wa baridi. Mtu wa namna hiyo hana chuki na mtu. Na maoni si yake, ametumwa. Chiriku, leo kliniki mnafunga saa saba?"

"Bibi, usianze."

"Sijaanza. Nimeuliza saa."

*

Mama Vitabu tulimkuta anapaka gundi kwenye mgongo wa riwaya iliyochanika. Nilipomwuliza ni nani yule mwenye sauti nzito, aliinua kichwa akatuangalia kwa zamu.

"Mnakwenda kugombana naye?"

"Tunakwenda kumwamkia," nikasema.

"Huyo ni fundi wa friji, pale nyuma ya duka la dawa. Mpole yule, hata akikudai hawezi kukutazama usoni. Mama yake macho yameingia ukungu, hasomi tena, basi mwanawe humsomea kila siku mchana. Kitabu cha Chiriku wamekirudia mara ya pili sasa, nimewaachia tu." Akamgeukia mjukuu wangu. "Na wewe ondoa huo mdomo ulioning'inia, utaukanyaga."

Chiriku alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kirefu. Mafriji yalipangwa pande zote mbili, milango wazi, mengine hayana hata rafu. Chiriku akaninong'oneza kwamba yanafanana na wagonjwa wake, vinywa wazi wanasubiri daktari. Fundi mwenyewe alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji moja. Alipoinuka nilidhani haishi kuinuka, kwa urefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sisi ni wasomaji wa kwa Mama Vitabu. Tumesikia maoni yenu juu ya Bi Mkubwa, tukaona tuje tuyasikie vizuri."

"Maoni yale," akasema, akaanza kujifuta mikono kwenye tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono. "Maoni yale, mama, unajua..."

"Nani huyo?" ikaita sauti nyembamba kutoka chumba cha ndani. Ilikuwa ile ile. "Ni watu wa kitabu? Walete! Mbona unawaweka na mafriji?"

Tukaingia. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, mwembamba, kichwa juu. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa miguu kwa matofali, sawasawa na dirisha, ili upepo na kelele za mtaani zimfikie vizuri. Niliona pia kamba iliyofungwa kutoka kitandani hadi mlango wa choo, aishike akitembea. Ilikuwa imefungwa mafundo mafundo apate kujua alipofika. Hakuna mtu aliyenionyesha vitu hivyo. Vilikuwepo tu.

"Karibuni, kaeni," akasema. "Mmekionaje kitabu? Mimi kitabu nakipenda, lakini kimeniuma. Kila siku namngoja yule mzee mwenzangu aseme neno. Nasema leo atasema. Wapi! Nikamwuliza huyu mwanangu, hana la kusema kweli? Akaniambia hana, mama. Basi nikajiona mimi mwenyewe mle, nimewekwa kona."

Chiriku alifungua mdomo. Nikamkanyaga kidole cha mguu, si sana.

"Tusomeeni kidogo," nikasema. "Tusikie wote pamoja."

Fundi alionekana kama mtu aliyeambiwa aruke ukuta. Lakini mama yake alikuwa ameshajiweka sawa, mikono mapajani. Kwa hiyo alikwenda nje akazima mota iliyokuwa inanguruma, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaikausha, ndipo akashusha kitabu kutoka juu ya kabati. Alikuwa amekivika karatasi ya kalenda kisichafuke.

Mimi nilikuwa na kitabu changu kwenye mkoba. Nikakifungua ukurasa huo huo, nikaweka kidole.

Alisoma vizuri. Mapigano aliyasoma kwa kishindo, na shujaa alipoanguka kwenye matope alipiga kofi ukutani mpaka mama yake akaruka kwa raha. Kisha tukafika pale bwana wa ngome anapoingia ukumbini.

"'Mama,' akauliza bwana wa ngome, 'kofia yangu mpya ya chuma inanipendeza?' Bi Mkubwa akakohoa." Hapo fundi mwenyewe akakohoa, kikohozi kizuri chenye huruma. "Bwana wa ngome akatoka nje kumtafuta farasi wake."

Kidole changu kilikuwa bado kwa Bi Mkubwa. Kati ya kile kikohozi na kule kutoka nje kulikuwa na nusu ukurasa. Nikainua macho. Jasho lilikuwa limemtoka fundi kwenye paji la uso, na macho yake yalikuwa yameruka yale maneno kama mtu anayeruka dimbwi akiwa na nguo za sherehe.

Nikaelewa. Maneno yale nayajua, ni yangu. Mwana mwenye adabu atayasemaje mbele ya mama yake mzazi, kwa sauti, mlango ukiwa wazi?

Chiriku naye alikuwa ameona. Alinigeukia, uso wote umekuwa swali. Nikatikisa kichwa polepole.

"Baba," nikamwambia fundi, "umesoma vya kutosha, koo litakauka. Hebu nijaribu mimi. Nitakwenda kama konokono, mnisamehe."

Alinipisha kiti upesi sana, akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Nikaanza: "'Mama, kofia yangu mpya ya chuma inanipendeza?' Bi Mkubwa akakohoa, kama alivyokohoa kila mara mtu alipokaribia kusema upuuzi. 'Inakupendeza mno, mwanangu,' akasema. 'Una kichwa kizuri cha kofia. Ndani hamna kitu cha kugongana nayo.'"

Mama wa fundi aligeuza sikio.

Nikaendelea, neno kwa neno kwa kidole: "'Sasa nipishe, umeniziba. Mpishi anapita na sinia.' 'Una njaa, mama?' 'Sinia nitaliangalia akirudi.'"

Alianza kucheka kwa ndani kwanza, mabega tu. Halafu kicheko kikapanda, kikamtoka, akashika ubavu. "Akirudi!" akasema. "Sinia ataliangalia akirudi! Soma hapo tena!"

Nikasoma hapo tena. Na pale pengine, Bi Mkubwa anapomwambia mjakazi: "'Nakohoa ili wajue nipo. Nikinyamaza siku moja tu, wataanza kugawana mito yangu.'" Hapo hakucheka mara moja. Alitikisa kichwa, akasema, "Huyo sasa. Huyo ndiye niliyekuwa namngoja." Ndipo akacheka.

Kisha akakatiza kicheko, akainua kidole. "Kuna mtu humu anasema maneno kabla yako. Wewe unasoma, na yeye amekwishafika."

Chiriku alijiziba mdomo.

"Ni mjukuu wangu," nikasema. "Anayajua kwa sababu ameyaandika."

Mlangoni fundi alitoa sauti kama ya friji linalozimika. "Mungu wangu," akasema. "Ni wewe? Na mimi nimesema hujawahi kukaa na bibi yako! Dada, nisamehe. Mama alikuwa ananiambia niseme, amekaa hapo hapo, sikuweza kumwambia kwamba..."

"Kwamba nini?" akauliza mama yake. "Ngoja kwanza. Maneno hayo ya kofia yalikuwepo siku zote?"

"Yalikuwepo, mama."

"Na ya mpishi?"

"Na ya mpishi."

"Ukaniambia hana la kusema!"

"Sasa ningesemaje, mama?" Lijitu lile zima lilikuwa linazungusha bisibisi mkononi kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Nikutazame wewe, niseme habari za mpishi? Mara ya kwanza niliruka mstari mmoja. Ulipouliza nikaona haya kurudi nyuma. Basi nikawa naruka tu. Ile mara ya pili nilisema nitasoma vyote, nikafika kwenye kofia nikashindwa."

"Ulidhani nitakukasirikia?"

"Nilidhani utaona nimekuvunjia heshima."

"Wewe," mama yake akasema, "mimi nimekuogesha mpaka ulipoanza kunikimbia na povu kichwani. Leo unionee haya kwa ajili ya mpishi asiyekuwepo?" Alinyoosha mkono hewani, naye akaja akainama, akamwacha ampapase uso. "Kichwa kizuri cha kofia," akasema mama, na tukacheka wote, na fundi akacheka zaidi yetu.

Nilimtazama Chiriku. Alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, mikono ameibana kati ya magoti, anamwangalia yule mama kama anavyomwangalia daktari wake anapotafuta jino lenye shida.

"Mama," akamwuliza, "sasa umemsikia. Maoni yako ni yapi?"

"Yangu mwenyewe, bila huyu mrukaji?"

"Yako mwenyewe."

Yule mama alifikiri. Hakuharakisha, nami nilimpenda kwa hilo.

"Bi Mkubwa anasema vizuri," akasema. "Ila anasema mbele za watu tu. Kila akifungua mdomo kuna mtu wa kumchekea. Mimi nataka kujua akibaki peke yake ukumbini, taa zimezimwa, wote wamekwenda kulala, anafanya nini? Anakohoa bado? Na yule mpishi, anajua kwamba anatazamwa? Maana mimi nadhani anajua. Hakuna sinia linalopita ukumbini mara nyingi namna ile bila sababu."

Chiriku alikaa kimya. Mimi namjua mtoto huyu. Akikasirika hunyamaza mdomo wazi, na akipata jambo hunyamaza mdomo umefungwa. Ulikuwa umefungwa.

"Sikuwahi kumwuliza mpishi," akasema mwishowe, taratibu. "Nilimwandika sinia na kilemba tu." Akachomoa simu. "Mama, unaruhusu niandike hilo ulilosema?"

"Andika. Na uandike kwamba mpishi si kijana. Mpishi kijana atamchosha."

"Mjane?"

"Mjane. Na asiwe mpole sana, wapole nimeshazaa mmoja."

Fundi alikwenda kutuletea maji ya kunywa, akayatoa kwenye friji pekee lililofungwa mlango pale karakanani. Alipompa Chiriku glasi alisema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, "Dada, kundini nitasahihisha. Nitasema ukweli kwamba nilikuwa naruka."

"Usiseme," Chiriku akamjibu. "Sema tu umesikia kwamba kitabu cha pili kinakuja, na kina mpishi."

Nilishukuru nilikuwa na glasi mdomoni, maana mtu wa umri wangu akitaka kulia kwa furaha ugenini inabidi awe na pa kujificha.

Tulipoinuka kuaga, yule mama alinishika mkono akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya kidole changu cha kusomea. "Kumbe unasoma kwa hiki," akasema. "Polepole hivyo ndiyo vizuri, neno halikimbii kabla sijalionja. Mwanangu atasoma mapigano, anayaweza. Ya Bi Mkubwa nakuwekea wewe."

"Na busu je?" akauliza Chiriku. "Hilo pia aliliruka?"

Fundi alikuwa ameshatoka. Tulisikia mota ya friji ikiwashwa kwa haraka.

"Lipo busu?" Yule mama alijiinua kwenye mto. "Kitabu hiki kina busu? Rudini kesho. Mnasikia? Kama kesho hamwezi, basi kesho kutwa, lakini msinikalishe mpaka wiki ijayo. Njooni tena, tafadhalini."